Historia peke yake, au Historia pamoja na Ualimu?

Mhitimu wa HKL, Masasi:

Shikamooni wakubwa zangu. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na sasa ninajiandaa kuomba chuo. Chaguo langu la kwanza ni Shahada ya Sanaa katika Historia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba mdogo, ambaye ndiye anayenisomesha, anashauri nichukue shahada ya Ualimu, kwa hoja kwamba kazi ya mwalimu inajulikana, ilhali mwenye Historia peke yake atazunguka na bahasha mjini. Ushauri wake ninauheshimu. Naomba waliosoma wanieleze mambo mawili: je, Historia ya chuo ni hii hii ya kukariri sababu na athari, na je, anayeipenda kweli anapoteza nini akiisoma pamoja na Ualimu?

Mwalimu wa Sekondari, Songea:

Marahaba, mwanangu. Mimi nilisoma Ualimu, nafundisha Historia na Kiswahili, na nitakujibu kwa mfano unaoujua. Shuleni uliandika kwamba Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907, ukataja kodi, kazi za shuruti na mashamba ya pamba, ukapewa alama zako. Chuoni utaulizwa tumeyajuaje hayo. Utawekewa mbele maelezo ya Gavana wa Kijerumani, von Götzen, aliyekuwa na kila sababu ya kuulinda utawala wake. Masimulizi ya wazee waliohojiwa mwaka 1968, wakati Idara ya Historia ya chuo hicho hicho ilipowatuma wanafunzi wake vijijini kuyakusanya. Na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyeishi wakati wa vita vyenyewe. Vyote vinasimulia vita hivyo hivyo, na havisemi jambo moja.

Chukua idadi ya waliokufa. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000, ilhali Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo peke yake yaweza kumaliza semina nzima, kwa sababu inakulazimisha kuuliza nani alihesabu, alifika wapi, na kama waliokufa kwa njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala walihesabiwa au waliachwa. Kisha mwalimu atakuuliza swali gumu zaidi: je, watafiti wa miaka ya 1960, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, waliuona umoja wa wapiganaji kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa? Wangoni wa huku hawakuingia vitani kwa sababu zile zile za Wamatumbi walioanza kwa kung'oa pamba kule Nandete. Wasomi waliofuata wameliandika sana jambo hili, na mjadala haujafungwa.

Kuhusu Ualimu, utapata masomo mawili ya kufundishia, kozi za elimu na mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo kozi za Historia hupungua. Pamoja na hayo, kama familia inakutegemea mapema, namuunga mkono baba yako mdogo.

Mtunza Nyaraka, Dar es Salaam:

Namheshimu Mwalimu, lakini hapo mwishoni naona ameufunga mlango mapema. Mwenye shahada ya Historia anaweza baadaye kusoma Stashahada ya Uzamili ya Ualimu, naye akaingia darasani. Mweleze baba yako mdogo habari hiyo, na umweleze pia kwamba ni ada nyingine na muda mwingine, asije akaona umemficha. Nafasi katika makumbusho, mambo ya kale na nyaraka zipo, ila ni chache, na utashindana na wenye shahada nyingine.

Kinachopotea ukibanwa na ratiba ni muda wa kukaa na nyaraka. Katika Kumbukumbu za Taifa, pale Upanga, kuna vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri wa Kiingereza waliandika habari za koo, kodi na mashamba. Unakuta ukurasa uliopigwa taipu, na pembeni aliyekuja baadaye amemsahihisha mwenzake kwa mkono. Mwanafunzi akisoma ule ubishi wa pembeni anaona kwamba serikali yenyewe haikuwa na kauli moja, na hilo hawezi kulipata kwa kusoma muhtasari wa kozi.

Mhitimu wa HKL, Masasi:

Ahsanteni sana, nitamsomea baba mdogo majibu yote mawili. Je, bila Kijerumani nitaweza kufanya utafiti wowote wa maana?

Mtunza Nyaraka, Dar es Salaam:

Utaweza. Majalada ya Wajerumani yanahitaji lugha na pia mazoezi ya kusoma mwandiko wao wa zamani, kwa hiyo ukivutwa na kipindi hicho anza Kijerumani mwaka wa kwanza, usingoje wa tatu. Kwa kipindi cha Waingereza, Kiingereza na Kiswahili chako vinatosha kuanzia, na Kiswahili ni mtaji mkubwa: gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, limejaa barua na mashairi ya wasomaji, na watafiti wengi wa kigeni huyasoma kwa taabu.

Tena wewe unatoka Masasi. Misheni ya Waanglikana ilifika huko mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na baadaye Askofu Vincent Lucas akaruhusu jando lifanyike kwa namna ya Kikristo. Waulize wazee wa kwenu wanaoyakumbuka majando ya zamani: nani alikuwa ngariba, padri alisimama wapi, nani alikataa kumpeleka mtoto. Andika jina la msimulizi, mahali na tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema, maana mwalimu wako wa semina atataka kujua uliyapata kwa nani.