Majirani wa Mtoni: fleti 96 kiwanja cha kona

[19:04] Mama Zuhura: Jamani, kile kiwanja cha kona kando ya Mto Mlalakuwa kimezungushiwa mabati. Bango linasema fleti 96, ghorofa nane, na maegesho chini ya ardhi. Mwenye pingamizi apeleke manispaa kabla ya tarehe 28. Picha hizo hapo.

[19:06] Side Fundi: 96? Pale? 😳

[19:07] Rehema: Tuandike tu TUNAKATAA, mtaa mzima tusaini.

[19:12] Mzee Kimaro: Rehema mwanangu, "tunakataa" inawekwa kwenye faili na zege linamwagwa. Afisa mipango miji anajibu kitu chenye kipimo. Hatua ya kwanza ni kwenda kuomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo letu. Kiwanja kile kikiwa cha makazi ya ujazo mdogo, yaani nyumba chache, lazima matumizi yabadilishwe kwanza, ndipo kibali cha ujenzi kifuate. Bango limeandika kibali namba ngapi?

[19:13] Mama Zuhura: Limeandika "kipo kwenye mchakato".

[19:13] Mzee Kimaro: Basi hapo ndipo pa kushika.

[19:15] Bi Mwanaidi: Vitumbua vya kesho, mwisho wa oda saa tatu hii

[19:16] Rehema: Bi Mwanaidi 😂 niwekee kumi. Na mto je, si kuna zile mita 60?

[19:20] Mzee Kimaro: Zipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 za kingo za mto. Ila watu hupima vibaya, wanaanzia katikati ya maji au wanaishia getini. Anzia juu ya kingo, nyoosha futikamba hadi kona ya jengo iliyo karibu zaidi na mto. Mto umepinda, kwa hiyo pimeni sehemu tatu. Kila ncha ya futikamba ipigwe picha namba zikisomeka. Simu isitumike, inaweza kukosea mita tano, na kwenye ubishi wa mita 60 hizo tano ndizo watakazoshika.

[19:22] Side Fundi: Mzee na kalavati la pale chini? Litazidiwa tu

[19:31] Injinia Mushi: Shikamoo Mzee. Side, hiyo tusiandike hivyo, mhandisi wao atatucheka. Kalavati la milimita 600 likiwa safi, kwa mteremko wa 1 kwa 200, linapitisha kama lita 430 kwa sekunde. Kiwanja cha mita za mraba 4,000 kikisakafiwa chote, mvua ya milimita 50 kwa saa inatoa lita 55 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu ya kiwanja peke yake linatosha.

[19:32] Side Fundi: Mbona barabara inajaa kila masika?

[19:36] Injinia Mushi: Kwa sababu limejaa mchanga na chupa, na maji ya mitaa yote ya juu yanapita humohumo. Leo kiwanja kile ni nyasi, kinanywa sehemu kubwa ya mvua. Kikisakafiwa, maji yote yanatoka mara moja, na yanatoka wakati mtaro umeshajaa. Kwa hiyo tudai tangi la kuhifadhi maji ya mvua ndani ya kiwanja. Milimita 50 kwenye mita za mraba 4,000 ni lita 200,000. Tuulize yatakaa wapi, na yatatolewa kwa kasi gani.

[19:37] Mzee Kimaro: Marahaba. Andika hivyohivyo.

[19:41] Mama Zuhura: Na vyoo? Huku hakuna bomba la majitaka, sote tuna mashimo.

[19:48] Injinia Mushi: Hapo ndipo penye uzito kuliko pote, mama. Fleti 96, watu wanne kila moja, ni 384. Lita 100 kwa mtu ni 38,400 kwa siku. Asilimia 80 inarudi kama majitaka, karibu lita 30,700. Shimo likiwa la kuziba kabisa, ni magari ya kunyonya matatu na kidogo, ya lita 10,000, kila siku, Jumapili na sikukuu. Likiwa la kunywea ardhini, udongo lazima upimwe: chimba shimo dogo la kina cha sentimita 60, lijaze maji lilale usiku kucha, kesho yake jaza tena uangalie saa. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita mbili na nusu, ardhi hainywi. Na kipimo kifanyike masika. Cha Septemba kila udongo unafaulu.

[19:50] Rehema: 😂 kweli kabisa

[19:55] Side Fundi: Mimi naogopa hilo shimo la maegesho. Mita tatu na nusu pale, maji utayakuta mapema. Pampu usiku na mchana. Pampu ikivuta mchanga, misingi ya jirani inabaki hewani, ukuta unachanika kwa mshazari kuanzia kona za madirisha. Ukitaka kujua, chota maji ya pampu kwenye ndoo, yaache yatulie. Mchanga ukibaki chini, wasimamishwe siku hiyohiyo. Tudai ukuta wa kuzuia udongo ujengwe KABLA hawajachimba.

[19:58] Injinia Mushi: Sahihi. Na nyumba zinazopakana zipigwe picha sasa, kila ufa na rula pembeni. Paka kipande chembamba cha plasta juu ya ufa, andika tarehe. Plasta ikikatika, ukuta umetembea. Bila picha za kabla ya ujenzi utaambiwa ufa ni wa zamani.

[20:03] Mzee Kimaro: Barua iwe moja, kurasa mbili, ipitie Serikali ya Mtaa igongwe muhuri. Iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala NEMC (baraza la taifa la mazingira) na kwa diwani. Kila anayesaini aandike namba ya kiwanja chake, maana majina matupu wanasema ni ya wapita njia. NEMC tuwaulize kama tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika, na majirani gani walihojiwa. Nakala yetu igongwe "imepokelewa" na tarehe pale masijala, msiondoke bila hiyo.

[20:05] Rehema: Rasimu naandika mimi usiku huu. Naanza na majitaka?

[20:05] Mzee Kimaro: Anza na mita 60, halafu majitaka. Side, futikamba ya mita 50 unayo?

[20:06] Side Fundi: Ninayo ya 30, mzee

[20:07] Injinia Mushi: Ya 50 ipo kwangu. Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawaka. Nayo haifiki 60, kwa hiyo tutaweka kigingi katikati.

[20:08] Bi Mwanaidi: Basi vitumbua nileteeni oda ya Jumamosi pia