Mgeni na nyumba ya pwani: kikomo cha miaka 99 kibaki au kiondolewe?

Hoja: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Wapo wanaosema kikomo hicho kinafukuza wanunuzi wa nyumba Diani, Watamu na Malindi. Kiondolewe?

Mpwani: Kibaki! Sheria ya hati ya 1908 iliposajili ardhi ya mwambao, Wamijikenda wengi, wenyeji wa pwani hii, waliachwa nje wakawa maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Jeraha hilo halijapona. Miaka 99 ni vizazi vitatu. Mgeni atakaa, atazeeka, na watoto wake watarithi muda uliobaki. Anakosa nini?

Wakili: Sipingi kikomo, lakini kinachowaliza wageni ni shamba. Nje ya miji, ardhi nyingi bado ni ya kilimo kisheria hata kama juu yake pana jumba na bwawa la kuogelea. Kuiuza kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, na mnunuzi akiwa mgeni sheria inaitaka bodi ikatae, isipokuwa Rais ametoa msamaha. Bila idhini, mkataba ni batili. Mnunuzi hubaki kudai pesa zake kama deni, na muuzaji keshazitumia. Kwa hiyo kabla ya kutoa arubuni ya asilimia 10, asome masharti ya hati: yaseme wazi kwamba ardhi si ya kilimo.

Dalali: Wengi hukwepa hayo kwa kuandikisha kampuni pamoja na raia.

Wakili: Na hapo ndipo wanapojifunga. Hisa moja tu ikiwa ya mgeni, kampuni nzima ni ya mgeni. Hata ukimwekea raia jina lake kwenye hati akushikie amana, kifungu hichohicho cha 65 kinatazama anayefaidika ni nani.

Dalali: Haya, lakini mwisho wa muda je? Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa aliyekuwa akikodi nafasi ya kwanza ya kupewa ardhi upya, mradi ni raia. Chukua hati ya miaka 99 iliyoanza 1975: inakwisha 2074. Kila mwaka ukipita nyumba inapungua thamani, na mwenyewe haoni sababu ya kuezeka upya. Mimi siombi umiliki wa milele. Naomba mgeni naye apewe hiyo nafasi ya kwanza, kwa ploti ya makazi tu.

Mpwani: Ploti ya makazi yenye ukubwa gani? Mkiacha bila kutaja, ekari 20 za ufukweni zitaitwa makazi. Andikeni robo ekari, tena watu wasinyang'anywe njia ya kwenda baharini, hapo nitasikiliza.

Wakili: Robo ekari ni mwanzo mzuri. Ila anayenunua leo asitegemee sheria ambayo haijatungwa. Kwa nyumba ya shilingi milioni 20 mjini, atenge 800,000 za ushuru wa stempu, kodi ya kuhamisha umiliki, yaani asilimia 4. Mashambani ni asilimia 2. Na asitosheke na hati kuonekana safi Ofisi ya Ardhi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ploti ya ufukweni Mombasa, ilisema hati pekee haimlindi mnunuzi ikiwa ugawaji wa kwanza ulikuwa haramu. Afuatilie hati hadi kwa mgawiwa wa kwanza, kisha ampeleke mpima akakague mawe ya mipaka na aulize ni nani anaishi pale.