Hatua ya saratani ya mlango wa kizazi: tusubiri MRI au tuanze na tulichonacho?

Mleta mada: Wakuu, hoja hii itawaudhi baadhi ya madaktari. Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, zaidi ya asilimia 90 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko huko ndiko mgonjwa, kinyama kilichokatwa kikishathibitishwa maabara kuwa ni saratani, anaambiwa akapige MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Mashine iko mbali, foleni ndefu, hela hana. Akija kurudi miezi imepita, na ugonjwa umeshasogea.

Kwa miongo mingi hatua, yaani ugonjwa umefika wapi, ilipangwa kwa mkono wa daktari: spekulamu (kifaa cha kufungulia uke), kidole ukeni, kidole njia ya haja kubwa kusikia kama uvimbe umeshika ukuta wa nyonga. Ongeza eksirei ya kifua, kipimo cha damu cha figo, na ultrasaundi. Uvimbe ukiziba mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi figo ikavimba, hiyo ni IIIB angalau, yaani hatua ya tatu kati ya nne. MRI ya nini tena hapo?

Mchangiaji wa kwanza: Ya tezi za limfu, ambako saratani husambaa, mkuu. Mwaka 2018 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, waliingiza picha na patholojia (uchunguzi wa nyama maabara) kwenye upangaji wa hatua, wakaongeza IIIC kwa saratani iliyofika kwenye tezi. Tezi za ndani ya nyonga huwezi kuzisikia kwa kidole. Mtu ana uvimbe wa sentimita 3, unampeleka upasuaji, kumbe tezi zilishaingiliwa. Baada ya kisu anaongezewa mionzi, anabeba madhara ya vyote viwili.

Mleta mada: Waliruhusu picha, hawakuzilazimisha. Asiye na mashine bado anaruhusiwa kupanga hatua kwa uchunguzi wa mkono.

Mchangiaji wa pili: Nafanya kazi upande wa mionzi. Mnagombania MRI wakati mgonjwa wetu, pale penye upangaji wa kisasa, lazima apigwe CT, picha ya vipande vya mwili kwa eksirei, ya kupangia mionzi. Ipigwe kwa dawa ya kung'arisha, ianzie juu tumboni, tezi kubwa utaziona humo humo. Ndogo zitakukwepa, sikatai.

Mchangiaji wa tatu: Mimi tatizo langu ni hicho kidole mnachokisifu. Madaktari wawili, mgonjwa mmoja, hatua mbili! Ikiwezekana apimwe akiwa kwenye nusukaputi, daktari wa wanawake na wa mionzi wakiwa pamoja. Na ultrasaundi ya kupitia ukeni au njia ya haja kubwa isidharauliwe. Kwa mpimaji aliyeiva, kupima ukubwa wa uvimbe na kuona kama umetoka kando ya mlango wa kizazi, haiachwi mbali na MRI. Ila aliyeiva hapatikani kwa semina ya siku mbili.

Mleta mada: Basi nirekebishe. Foleni ya MRI wapewe kwanza wenye uvimbe mdogo wanaofikiriwa upasuaji, maana kwao jibu linabadilisha tiba. Ambaye uvimbe umeshashika ukuta wa nyonga haendi kwa kisu hata picha iseme nini. Aanze mionzi na sisplatini, dawa ya saratani, kama figo zinaruhusu.

Mchangiaji wa kwanza: Kwenye foleni nakubali. Kwenye tezi za juu, kando ya mshipa mkuu wa tumbo, bado. Usipozitafuta zinabaki nje ya eneo la mionzi, na hapo umemtibu nusu.