Naomba ushauri: tutumieje mitandao kudai zahanati ya wadi yetu?

Kijana_wa_Wadi: Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Sisi ni vijana wa wadi moja huku Pwani ya Kenya, na kundi letu la WhatsApp, lililoanza kwa habari za mpira, sasa ni baraza la kulalamikia zahanati iliyosimamishwa kuta ikaachwa bila paa. Baadhi yetu wanataka tuanzishe hashitegi na kuandamana mara moja, kama ilivyokuwa Nairobi Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, yaani mapendekezo ya kodi ya serikali. Wengine wanahofia kwamba kelele zitapoa na tutabaki na maadui tu. Tuanzie wapi?

Msoma_Bajeti: Ndugu yangu, mwaka 2024 hashitegi ndiyo iliyoonekana, lakini kazi kubwa ilikuwa kuusoma Mswada wa Fedha, kuueleza kwa video fupi za TikTok na kuufasiri kwa lugha za wananchi, hata muuza duka akafahamu kwamba ushuru wa asilimia 16 uliopendekezwa kwa mkate ungemfikia yeye. Pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni, na tarehe 26 Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada wenyewe. Kwa hiyo tafuteni karatasi kwanza. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi ya umma hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ombeni mkataba wa ujenzi na kiasi kilicholipwa, kisha picha ya barua yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa iwe chapisho la kwanza.

Mama_Salama: Wanangu, hayo ni sawa, ila msiige kila kitu. Wale wa 2024 walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila, na hilo liliwakinga dhidi ya wanasiasa waliotaka kuwateka. Zahanati ni jambo jingine: mwakilishi wadi atawaita mezani, na msipokuwa na msemaji wenu, yeye atawachagulia. Teueni watatu, wakiwemo akina mama, kwani ndio wanaobeba watoto wagonjwa usiku. Michango nayo isipokewe kwa simu ya mtu mmoja bila hesabu kuwekwa kundini. Hapo ndipo makundi mengi huvunjikia.

Wakili_Mdogo: Mkiamua kuandamana, Ibara ya 37 inawalinda mkiwa na amani na bila silaha, lakini Sheria ya Utulivu wa Umma inataka kituo cha polisi kipewe taarifa ya maandishi kati ya siku 3 na 14 kabla. Msichapishe nyuso za wenzenu bila idhini, maana mwaka ule wapo waliochukuliwa makwao baada ya kujulikana mtandaoni. Pia msimtaje mtu kuwa mwizi kabla ya kupata hati. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 iliweka adhabu kwa taarifa za uongo.

Kijana_wa_Wadi: Ahsanteni sana. Lakini katika siku hizo 21 za kungoja, watu hawatachoka?

Msoma_Bajeti: Watachoka mkikaa kimya. Kila wiki mrekodini mkazi mmoja aliyekubali, aeleze anakwenda hospitali gani na nauli ni kiasi gani. Muda ukipita bila jibu, pelekeni nakala ya barua kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na mwezi Aprili, makadirio ya bajeti ya kaunti yanapoandaliwa, video hizo zioneshwe kwenye kikao cha maoni ya umma.