Kwa nini mkondo wa Pemba una kina kikubwa kuliko wa Unguja?

kijana_wa_wete
Assalaam alaykum. Nna suala limenikaa kichwani toka nianze kwenda bahari na ami yangu. Ukitoka Wete ukielekea upande wa Tanga, ukishavipita vile visiwa vidogo tu maji yanakua meusi na nanga haipati chini, jodari wako karibu na nchi kavu kabisa. Lakini baina ya Unguja na Bara wenzetu wanasema maji si mengi kihivyo. Mbona tofauti? Skuli tulisomeshwa mabamba ya ardhi lakini mifano yote ya Japani na Marekani, ya kwetu hamna

bi_ramani
Waalaykum salaam mdogo wangu, jawabu limo humo humo kwenye mabamba, yaani vile vipande vikubwa vya gamba la dunia vinavyosogea. Unguja ni kipande cha Bara, bahari imekikata juzi juzi tu. Enzi ya barafu, kiasi miaka 20,000 nyuma, maji mengi ya dunia yaliganda na bahari ikashuka kama mita 120, na mkondo wa Unguja sehemu kubwa haufiki hata mita 50 basi pale palikua nchi kavu wanyama wanapita kwa miguu, ndo maana pango la Kuumbi kule Jambiani imefukuliwa mifupa ya pundamilia na nyati. Pemba hata ukiishusha bahari mita 120 mkondo wake unabaki maji, maana unafika mita 800 hivi. Hapo ardhi yenyewe imepasuka ikadidimia, na Pemba ikabaki juu upande wa pili wa ufa.

yakhe_chake
Sasa ilipasuka kwa sababu gani?

bi_ramani
Anza na Bukini, yaani Madagaska. Zamani Afrika, Bukini, India, Australia na Antaktika zilikua bara moja, Gondwana. Kiasi miaka milioni 160 ilopita Bukini ikaanza kubanduka kwenye pwani hii yetu ikateleza kwenda kusini mpaka ilipo leo. Nchi ikivutwa hivyo inakonda na kujaa nyufa, halafu mito inakuja inamwaga mchanga na tope juu yake mamilioni ya miaka, gesi ya Songosongo imo kwenye tabaka hizo. Baadae tena likaja Bonde la Ufa, na sisi tupo bamba la Somalia linalojitenga na Afrika ilobaki milimita chache kila mwaka. Watu wakisikia Bonde la Ufa wanawaza volkeno ya Lengai na Ziwa Tanganyika tu lakini mkono wake mwengine umeingia baharini mpaka huku kwetu

nahodha_mkoani
Kwa hivyo lile tetemeko la Agosti 2020 ndo hayo? Nilikua Mji Mkongwe ghorofani usiku, watu wote tulitoka nje

bi_ramani
Ndio kaka, lilikua kama 6 kwa kipimo na kitovu chake baharini, kusini mashariki ya Dar. Ila lisichanganywe na la Sumatra la Disemba 2004, lile lilifika 9.1 kwa sababu kule bamba moja linazama chini ya jengine na kuna nguvu nyingi inajikusanya, kwetu yanaachana. Mawimbi yake lakini, yaani tsunami, yalivuka bahari nzima yakaua watu mpaka Dar. Kwa hivyo nyinyi mnaokwenda bahari, mkiona maji yanakupwa ghafla na si wakati wake, msibaki ufukweni kuokota samaki, pandeni juu mlimani na watoto mbele.

kijana_wa_wete
Ahsante sana dada. Na Ngazija nao walikatika na Bara kama sisi?

bi_ramani
Hapana, Ngazija imejengwa na volkeno kutoka chini ya bahari, na moja yake, Karthala, bado iko hai.