Nimelipia riwaya, nimeletewa mwongozo! Sisi tusio wanafunzi tukasome wapi?

Wanajamvi, asalaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira, na tafadhali asije mtu kuniambia nitulie kwanza. Nimetulia tangu Januari.

Mimi ni karani wa mizigo. Kazi yangu iko Mokowe, upande wa bara, nyumba yangu iko Lamu mjini, kisiwani, kwa hiyo kila siku navuka asubuhi na kurudi jioni. Ukijumlisha kungoja boti ijae na safari yenyewe, nina karibu saa nzima ambayo ni yangu peke yangu. Mwaka jana ulipokuwa unaisha nikaamua saa hiyo niipe riwaya. Nikanunua daftari gumu, nikaorodhesha riwaya 12 za Kiswahili, kila mwezi riwaya moja. Mbele ya kila jina nikapiga mistari ya nafasi tatu: siku niliyoanza, siku niliyomaliza, na sentensi moja ya kilichonibakia moyoni. Riwaya 12 kwa mwaka si kazi ya kumtoa mtu jasho. Kuna watu wanasoma hizo kwa miezi mitatu.

Sasa ni Novemba na nimemaliza 6. Wallahi katika zile zilizobaki hakuna hata moja niliyoshindwa kwa uvivu.

Nianze na ya jana, maana ndiyo iliyonitibua. Mwezi wa Septemba nilikuwa nimepanga kusoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Kitabu kimetoka 1980, kimesomwa Kenya nzima, kilikuwa cha mtihani wa kidato cha nne kwa miaka. Hapa Lamu nimezunguka nacho mdomoni hadi nikachoka, hakuna. Nikapigia duka moja la vitabu Mombasa. Swali la kwanza niliulizwa: "Ni cha shule gani?" Nikasema si cha shule, nataka kukisoma mimi. Yule bwana akanyamaza, kama vile nimemwambia nataka kununua meli. Baadaye akasema kipo. Nikamtumia pesa pamoja na za basi, nikangoja siku kumi na moja.

Jana bahasha imefika. Nimeikata palepale gatini kwa kisu changu cha kamba, mikono inanitetemeka kwa furaha. Juu ya jalada UTENGANO, herufi nyekundu, kubwa. Na juu ya hiyo UTENGANO, kwa herufi ndogo kama sisimizi, "Mwongozo wa". Nikafungua ndani. Muhtasari wa sura. Maudhui. Mbinu za lugha. Halafu wahusika: "Sifa za Maimuna", zimepangwa kwa a, b, c. Mimi huyo Maimuna sijakutana naye bado! Sijamwona akifungiwa ndani, sijamsikia akisema neno, na tayari nishapewa hesabu ya sifa zake na nishaambiwa atakavyoishia.

Nikapiga simu. Jibu nililopewa nalinukuu kama lilivyo: "Lakini bwana, si ni kile kile? Hadithi yote imo humo, tena imefupishwa, utaimaliza kwa siku moja."

Si kile kile! Mtu akikuagiza samaki wa kupaka, humpelekei karatasi imeandikwa "samaki, nazi, ukwaju, ndimu" ukamwambia ale. Huyu anauza vitabu, hiyo ndiyo riziki yake, na haoni tofauti ya riwaya na muhtasari wake. Na pesa hajarudisha, anasema nimeshafungua bahasha. Ningejuaje kilichomo bila kuifungua?

Hili si kosa la muuzaji mmoja aliyechanganya bahasha. Kwenye hii biashara riwaya haihesabiki kuwa kitu cha kusomwa na mtu mzima. Ni kitu cha mtihani. Mimi ndiye ninayetia saini makatoni yanayovuka kwenda kisiwani, kwa hiyo nayajua. Wakati Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipokuwa ikitahiniwa, makatoni yalikuja mazito. Ikaja zamu ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, yakaja makatoni mengine. Mtihani ukibadilika, kitabu kinakatika ghafla kama maji ya mfereji. Mwaka huu nimeuliza Kidagaa kwenye duka la hapa hapa mjini, nikajibiwa "hicho kimeshatoka". Kimetoka wapi? Hadithi imechacha? Maneno yameisha nguvu? Kimetoka kwenye silabasi, basi kimetoka duniani.

Na hizo ni riwaya zilizobahatika kuingia silabasi. Nimeuliza Kuli ya Adam Shafi. Mtu anayeshinda gatini kutaka kusoma habari za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao, nadhani hana haja ya kujieleza. Muuzaji akanitajia bei ya kitabu cha mazoezi ya insha. Hata hakusikia nilichouliza.

Maktaba ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa sababu kule sikwenda kununua, nilikwenda na matumaini. Sitaitaja ni ipi. Mwezi wa Juni nilikuta Kisima cha Giningi ya Muhammed Said Abdulla, nakala kuukuu, inanuka koga. Nilitaka kuibusu. Mnaomjua Bwana Msa, yule mpelelezi wake, mnajua raha yake: anavuta kiko, anasikiliza, anauliza vijiswali visivyo na maana, na wewe msomaji unakwenda naye huku unajua mwisho atakaa kitako afungue fundo lote. Nimekwenda naye wiki mbili, Mokowe na kurudi. Nimefika mahali mambo yanaanza kujipanga, nafungua ukurasa, nakutana na jalada la nyuma. Kurasa za mwisho hazipo. Zimechanwa, na uzi unaning'inia.

Niliporudisha nikamwonyesha mhudumu. Akasema "wanafunzi hao", akagonga muhuri, akakirudisha rafuni. Hakuandika popote. Kwa hiyo kuna mwenzangu mwingine atakichukua, atasoma kwa wiki mbili, naye atafika palepale. Kwenye daftari langu nafasi ya "siku niliyomaliza" iko wazi mpaka leo, na siwezi kuijaza kwa sababu sijamaliza.

Bei sitaki kuisemea sana, kila mtu anaijua. Vitabu tunalipishwa VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013. Ukiongeza basi na boti, riwaya moja inakula kibarua cha siku nzima.

Niseme na la kheri lililonipata, ili mjue kwa nini sijaacha. Mwezi wa Machi binamu yangu alitoka Dar es Salaam akaniletea Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Ya Kiingereza ilitoka 1994. Ya Kiswahili imetoka 2022, baada ya mwandishi kupewa Nobel 2021. Yaani hadithi ya pwani yetu, ya mtu wa Unguja, imechukua miaka 28 kurudi kwenye lugha yetu, na ikisha kurudi naipata kwa kuvizia begi la jamaa! Niliisoma usiku baada ya taraweh, na sura ya mwisho niliimaliza botini, mashua imekwisha kufunga kamba, watu wanashuka, mimi bado nimekaa. Kwenye daftari nimeandika: "Mtoto amelipa deni asilolikopa." Kitabu chenyewe nimekifunga nailoni, kiko kwenye kidaka cha chumba cha mama, kwa sababu msimu wa kusi chumvi ya hapa inakula karatasi kama inavyokula chuma.

Mama yangu mpaka leo kitabu anakiita chuo, kama wazee wote wa hapa. Chuo hakiwekwi chini, hakikaliwi, hakichanwi. Huu ni mji ambao mtu akifika lazima ahadithiwe habari za tenzi na za Mwana Kupona, yule mshairi wa zamani. Haya, nimekubali. Sasa mimi wa leo nisome nini? Juzi kijana mmoja botini ameniona na kitabu akaniuliza kwa heshima kabisa, "Ami, unarudia kidato cha nne?" Hakunikejeli. Hajawahi kuona mtu mzima akisoma riwaya bila kuwa na mtihani, na atamwona wapi ikiwa hata tunaotaka hatuuziwi?

Najua pia kuna watakaoandika hapa chini "si uteremshe PDF". Nimezipata, nimetumiwa hata bila kuomba. Kurasa zilizopigwa picha kwa simu, kidole cha mtu kiko kwenye aya, na mwandishi hapati hata ndururu. Sizitaki. Nina pesa mkononi, nataka kumlipa mwenye jasho lake. Mbona hili limekuwa gumu hivi?

Ninyi wauzaji mlio humu jamvini: wekeni hata rafu moja ya watu wazima. Moja tu. Andikeni kwenye tangazo kama ni riwaya au ni mwongozo, kwa herufi za saizi moja. Na mteja akikwambia "si cha shule", usimkatie simu.

Na kama kuna mtu Lamu, Shela, Matondoni, Pate, hata Malindi, mwenye Kisima cha Giningi iliyo kamili, nisaidie. Sikuombi uniazime. Nitakuja mwenyewe, nitakaa barazani kwako, nisome zile kurasa za mwisho mbele ya macho yako, nikurudishie mkononi, niende zangu.