Laki 6 ya rafiki tangu mwezi wa 2, jana nimemkuta anakula kuku. Nimshtaki au niache?

kandambili_moja (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa yangu tumesoma wote tangu msingi, mwezi wa 2 alinipigia saa 4 usiku kwamba mwenye fremu ya duka anataka kumtolea vitu nje, anadaiwa kodi ya miezi 6, nikamrushia laki 6 kwenye simu palepale, akasema wiki 3. Sasa hivi mwezi wa 10. Simu anapokea vizuri tu, "kaka wewe ndo ndugu yangu nivumilie", ila ikifika ile tarehe aliyoitaja kwa mdomo wake hapatikani. Jana jumapili nikasema liwalo na liwe, daladala mbili mpaka Chanika bila kumpa taarifa, nafika nakuta familia imezunguka sinia, wali na kuku, tena wa kienyeji. Nimerudi home usingizi hamna. Swali langu moja tu, ni sawa kumshtaki rafiki? Na mahakama ya mwanzo wanapokea kesi kama hii wakati hatukuandikishana popote?

Jitu la Mbagala:
kwa hiyo mtu akidaiwa asile kuku

mama_watatu:
Na mimi nimeishia hapohapo. Ana watoto huyo. Mimi hapa nadaiwa vikoba viwili na jumapili nyama inaingia ndani, wanangu hawajui kikoba ni nini na sitaki wajue.

kandambili_moja:
Dada sijasema asile. Nimesema nimemkuta anakula.

Jitu la Mbagala:
umesema "tena wa kienyeji". hiyo tena ndo imekutoa roho yako nje mkuu

fundi_pasi:
Acheni kumshambulia mleta mada. Kienyeji sasa hivi sokoni elfu 25 huyo, tangu mwezi wa 2 jumapili ni kama 34, piga hesabu, laki 8 na nusu. Deni lishaliwa lote na chenji ikabaki.

mama_watatu:
Nani kakwambia anakula kila jumapili?? Huyu kaenda siku moja tu. Halafu Chanika watu wana viwanja, pengine kuku kafuga mwenyewe.

fundi_pasi:
Kama kafuga basi ana mali, auze alipe. Hapo ndo umemmaliza kabisa shem wako.

mama_watatu:
Shem wangu kivipi wewe? Nakujua wewe? Wanaume mnaotetea hela za watu mitandaoni ndo haohao nyumbani mnaacha buku 3 ya mboga mkirudi mnauliza mbona hamna nyama.

fundi_pasi:
Sina mke.

Jitu la Mbagala:
😂😂 ashajibu mwenyewe

mtoto_wa_reli:
Mleta mada, kwani ulivyofika hawakukukaribisha?

Bampa kwa Bampa:
Hapa hamna cha mahakama, nenda polisi, fungua kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, akilala ndani usiku mmoja asubuhi ndugu zake wanachangishana. Usichelewe maana nasikia ikipita mwaka deni linakufa.

Karani wa Zamani:
Naomba nijibu kilichoulizwa maana naona tumehamia bandani. Moja, makubaliano ya mdomo ni mkataba, sheria ya mikataba sura ya 345 inayatambua, shida yake ni ushahidi tu. Ushahidi unao, ile meseji ya muamala ina jina, tarehe na kiasi, na sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inaruhusu vitu vya simu kupokelewa kama ushahidi. Kinachokosekana ni kuonyesha kwamba ulikopesha, maana akifika pale atasema ulimpa zawadi au ulikuwa unamlipa deni lake la zamani. Kwa hiyo acha kumpigia. Mwandikie, kwa upole kabisa, "kaka ile laki 6 niliyokukopesha ya kodi ya fremu utanipa lini". Akijibu "nivumilie mwezi ujao" keshakiri huyo, itunze hiyo meseji wala usibadilishe simu. Halafu mwite serikali ya mtaa, pale mbele ya mwenyekiti wengi huwa wanalipa kidogokidogo kwa aibu tu. Ikishindikana nenda mahakama ya mwanzo, laki 6 kwao ni kitu cha kawaida. Na huyo anayesema mwaka, siyo mwaka, madai ya mkataba ni miaka 6.

Jitu la Mbagala:
karani umeandika kama unalipwa kwa neno

Karani wa Zamani:
Kijana, mimi nimekaa masjala miaka 19. Nimeona watu wanakuja wanalia na karatasi imelowa mvua haisomeki. Kama huna cha kuchangia kalale.

Jitu la Mbagala:
nilale vipi na njaa, mmeongelea kuku tangu saa 12

Bampa kwa Bampa:
Karani hujajibu ya polisi.

Karani wa Zamani:
Udanganyifu uko wapi? Fremu ilikuwepo, kodi alikuwa anadaiwa kweli. Kushindwa kulipa ni madai, siyo jinai. Polisi sio wakusanya madeni, na ukimsingizia mtu kesi, kesho na wewe unaitwa.

Ustaadh K:
Asalaam aleikum. Tusisahau Baqara aya ya 280, mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni kheri zaidi.

fundi_pasi:
Waaleikum salaam. Ustaadh, aya inasema mwenye dhiki, haijasema mwenye kuku.

Ustaadh K:
Usifanye mzaha na aya.

fundi_pasi:
Sifanyi mzaha, teremka mpaka 282, ndo aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an nzima na inahusu deni, mkikopeshana andikianeni na mashahidi wawepo. Mnatusomea ya 280 tu kila siku, ya 282 mnairuka.

Ustaadh K:
Hapo uko sahihi. Ila kwenye kuku umekosea.

Bampa kwa Bampa:
Mimi ningemtupia picha kwenye group la darasa, tangazo, wote wajue.

mama_watatu:
Ndo kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wanavyofanya hivyo, mpaka mama mkwe wako anatumiwa meseji. Unataka kufanana nao kwa laki 6? Halafu wewe mleta mada nikuulize, ulipomkopesha ulimwambia mkeo?

kandambili_moja:
Hilo haliingii hapa.

mama_watatu:
Aaaah. Kumbe.

Jitu la Mbagala:
mada imeanza upya wadau, sogezeni viti

kandambili_moja:
Zilikuwa za ada, nilijua zitarudi kabla shule hazijaanza kudai. Mke wangu anajua zimo benki. Naomba turudi kwenye swali.

mtoto_wa_reli:
Na mimi naomba turudi kwenye swali langu. Ulikaribishwa au hukukaribishwa?

kandambili_moja:
Nilikaribishwa.

mtoto_wa_reli:
Ukala?

kandambili_moja:
Mkuu ungekuwa wewe ungefanyaje, shemeji kaleta maji ya kunawa, kanisogezea kigoda, nimetoka mbali. Nikala.

Jitu la Mbagala:
swali la mwisho na usidanganye. firigisi alikula nani

kandambili_moja:
Waliniwekea mimi.

mama_watatu:
Jamani! Baba mwenye mji kajinyima firigisi yake na bado umekuja kumtangaza huku.

fundi_pasi:
Huo ulikuwa mtego. Ukishameza firigisi ya mtu unamdai kwa mdomo upi?

Karani wa Zamani:
Kisheria haibadilishi kitu. Laki 6 ni laki 6.

Jitu la Mbagala:
toa elfu 3 ya firigisi mzee, tuwe wakweli, laki 5 na 97

Karani wa Zamani:
Mleta mada, ulipomaliza kula ulilitamka deni lako au ulinyamaza?

kandambili_moja:
Ningelitamka saa ngapi mzee wangu, mtoto wao mdogo alishanipandia mapajani ananiita baba mkubwa, na wakati natoka jamaa kanisindikiza mpaka kituoni, akanilipia na nauli.